Sauti ya Chini

Ano Kerasia, 4 Oktoba 1998

Mama mpenzi,

Nimepiga simu mara nyingi kutoka mkahawani kwa Stergios, inaita tu. Jana alipokea jirani yako Bi Despina, akasema uko bafuni. Nikanywa kahawa mbili, nikapiga tena, bado uko bafuni. Mama, mtu anaoga kiasi hicho? Kama bado una hasira kwa vile niliacha kazi ya duka la dawa, sema nijue. Umewahi kuninunia, lakini si hivi.

Basi nakuandikia. Niko kijijini kwako. Wamenipa shule ya zamani niifanye karakana. Ubaoni bado kuna hesabu ya kugawanya ambayo hakuna aliyeimaliza. Asubuhi nawasha jiko la kuni, nakanda udongo mpaka mikono ipate joto, ndipo nianze.

Natengeneza vichwa vinavyoimba. Usicheke. Naupaka uso wa mtu mafuta ya zeituni, naufunika kwa vitambaa vilivyolowekwa plasta, naacha matundu ya pua. Plasta inapokauka inapata moto yenyewe, na wote hunishika mkono hapo, kwa hofu. Nikiibandua nina uso uliogeuka ndani nje, nabonyeza udongo humo, nachoma. Kisha namrekodi mwenye uso akiimba sehemu yake peke yake, na spika ndogo naiweka kooni mwa kichwa chake.

Cha kwanza, cha Bibi Vasilo, kilinishinda. Nilimpunguzia mikunjo nikidhani namheshimu. Nilipowasha kanda ikawa kama redio ndani ya chungu. Nikakivunja. Cha pili nimemwachia kila kitu chake, hata chunjua, na udongo wa kooni nimeufanya mwembamba kama karatasi. Sasa ukiweka kiganja, udongo wenyewe unatetemeka.

Vasilo anaanza wimbo. Mwenzake Stamatia anaugeuza. Bibi Haido, mkubwa wao, anausokota juu kama uzi. Wa kushika chini, ile sauti nzito isiyokatika, hayupo, na wote watatu wananiambia neno moja: "Sauti ya chini ni ya mama yako. Tangu aondoke tunaimba hewani." Mimi mwanao sikujua. Maisha yangu yote sijakusikia ukiimba hata ukiosha vyombo.

Njoo, Mama. Au nije mimi na rekoda. Robo saa tu.

Mwanao,
Areti

*

Yanena, 13 Oktoba 1998

Areti,

Simu ni mbovu. Usihangaike kupiga.

Hasira sina. Ulianza na rangi, nikasema sawa, kuta zinahitaji picha. Ukaingia kwenye mbao, nikafagia vumbi. Ukaenda Athene kucheza pekupeku ndani ya ghala, nikakutumia soksi. Sasa vichwa. Sikudharau. Nauliza tu, ni kitu gani unakitafuta ambacho kinakukimbia hivyo?

Kuimba siimbi. Mwambie Haido aache kunichongea. Nilikuwa msichana, nikaolewa mjini, nikakuta sauti ile haina mahali pa kukaa. Sauti ya chini ikiwa peke yake ni mngurumo wa ng'ombe. Majirani waligonga ukuta.

Mtafute mtu mwingine. Wapo wawili watatu kijiji cha pili wanaoweza kushika chini. Waambie wasivute pumzi pamoja. Mmoja akivuta, mwenzake ashikilie, wimbo usibaki bila sakafu.

Na usichukue nyuso za vikongwe majira haya ya baridi. Watu wa huko wana midomo.

Vaa sufu. Despina anakusalimu.

Mama yako,
Lambrini

*

Ano Kerasia, 2 Novemba 1998

Mama,

Bibi Vasilo amefariki. Alilala mchana baada ya supu, hakuamka.

Nilikuwa nimemaliza kichwa chake siku chache tu kabla. Mazikoni, wanawake wawili walihama upande niliosimama. Sikuelewa mpaka Stergios wa mkahawa aliponiambia, kwa upole, kana kwamba ananipa ushauri wa hali ya hewa, "Wanasema ulimvuta sauti yote, akabaki mtupu."

Baada ya mazishi mume wake, Mzee Thoma, alikuja shuleni. Akavua kofia. "Naambiwa unaye huku." Nikawasha kanda. Akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti kifuani, akamsikiliza mkewe akianza wimbo ambao hakuna anayeupokea. Ulipokwisha akasema, "Tena." Sasa anakuja kila siku. Juzi nilimsikia akigombana naye kuhusu mbuzi waliyemuuza. Alinigeukia akalalamika, "Anaimba, lakini hanijibu."

Usiku sipati usingizi mzuri. Sijui kama hiki ninachofanya ni sanaa au ni kumzuia mtu mlangoni asiondoke.

Nilipiga simu tena. Despina akapokea. Simu mbovu inapokelewaje, Mama? Akasema, "Mama yako hawezi kuzungumza sasa hivi." Nikamuuliza, hawezi au hataki? Akakata.

Hujawahi kuja kwenye onyesho langu hata moja. Nimezoea. Lakini naomba sauti, siombi ruhusa.

Areti

*

Yanena, 10 Novemba 1998

Mwanangu,

Nimemlilia Vasilo. Alinifundisha kusuka nywele na kuvuta sigara, vyote siku moja, nyuma ya kanisa. Washa mshumaa kwa jina langu.

Hakufa kwa ajili yako. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu ujana, alikuwa akikaa chini katikati ya ngoma anasingizia kiatu. Usibebe maiti isiyo yako.

Thoma mwache aje. Mpe kahawa. Lakini siku atakayoacha kuja usimwite.

Kuhusu mimi, jibu ni lile lile. Si dharau. Siku moja nitakueleza. Kwa sasa nakuomba unisamehe bila kujua unasamehe nini.

Mama

*

Ano Kerasia, 29 Novemba 1998

Mama,

Stamatia naye amekwenda. Mapafu. Ni kweli alikuwa mgonjwa, ni kweli alikuja mwenyewe, akasema "nichukue haraka kabla sijakohoa yote." Lakini nani atasikia hayo? Mlango wa shule umepakwa msalaba wa masizi. Padri anasema hajui nani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi.

Bibi Haido pekee ndiye aliyekuja, na fimbo yake, akakaa kitini akafumba macho. "Pakaa." Nikamwambia, bibi, huogopi? "Nina miaka themanini na saba, binti. Utanitisha na nini?" Nikambandika plasta. Alipotoka humo ndani uso mwekundu akasema, "Pamenuka kama kanisa jipya," akadai pombe ya zabibu.

Sasa nikwambie lililonifanya nishindwe kulala kabisa. Jana niliviweka vichwa vitatu pamoja kwa mara ya kwanza. Kanda tatu, sauti tatu, nimezirekodi mimi mwenyewe, moja moja, chumba kikiwa kimya. Vasilo akaanza, Stamatia akageuza, Haido akasokota. Na chini yao, Mama, kukawa na sauti ya nne. Nilizima moja moja, kila nikizima ikatoweka. Nikiwasha zote inarudi. Nzito, tulivu, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Haido alikuwa pale. Hakushtuka. Aliinamisha kichwa akasema, "Lambrini huyo."

Siwezi tena na barua. Alhamisi napanda basi, nakuja.

Areti

*

Yanena, 1 Desemba 1998

Usije. Barabara imeganda kule kwenye kona, redio imetangaza. Halafu mimi mwenyewe sitakuwepo, nakwenda na Despina kwa dada yake Preveza. Nakuomba, Areti. Subiri Krismasi. Nitakueleza Krismasi.

Mama

*

Ano Kerasia, 9 Desemba 1998

Mama,

Barua yako ya "usije" nimeikuta hapa niliporudi. Ilipishana na mimi njiani.

Naandika kwa sababu mezani kwako sikuweza kusema kitu cha maana, nilikuwa nalia kama mtoto. Ulipofungua mlango ukashika skafu shingoni kwanza, kabla hata ya kunikumbatia. Nikadhani ni baridi. Kisha ukavuta pumzi, na pumzi ikaingia mahali pasipo mdomo, nikaisikia.

Tangu Julai! Ulisema mnakwenda na Despina kwenye maji moto ya kutibu magoti, kumbe ulikuwa hospitali wanakutoa koo la sauti, wanakuachia tundu shingoni. Nami nilikuwa Athene nasimulia kila mtu kwamba mama yangu ameninunia.

Nitamkumbuka Despina mpaka kufa, alivyojifanya mkalimani. Ulipunga mkono mara moja tu, yeye akanitafsiria: "Anasema umekonda, uolewe, na ule pai." Ukampiga na taulo. Ulikuwa unacheka, mabega yakiruka, bila sauti, na mimi nilikuwa sijawahi kuona kitu cha kutisha na kizuri kiasi kile.

Nilikuuliza, ni mimi niliyekuvuta sauti? Maana uso wako ndio wa kwanza niliouchukua kwa plasta, zamani, jikoni, tukicheka. Ukaniandikia kwa herufi kubwa: NI SIGARA, MJINGA WEE. Ninaamini. Nusu ya siku ninaamini.

Nimepekua kanda zangu zote tangu chuo. Nimerekodi mama za watu, kengele, mbwa, mvua kwenye bati, miguu ya wachezaji. Wewe uko mara moja, kwenye kanda ya sikukuu ya mtakatifu wa jina la binamu, nyuma kabisa ya kelele: "Funga mlango, baridi inaingia." Basi. Hiyo ndiyo hazina niliyo nayo.

Nisamehe kwa kuomba kile ambacho hukuwa nacho.

Areti

*

Yanena, 20 Desemba 1998

Mwanangu,

Sasa tumepumua sote wawili, mimi kwa njia yangu.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungeacha kila kitu uje kunipikia uji, na uji wako haunyweki. Pia niliona haya. Uliniomba kitu kimoja katika maisha yako, na kilikuwa kimetupwa kwenye ndoo ya hospitali.

Ile sauti ya nne usiiogope. Tuliijua. Tukisimama vizuri, sauti zikishikana, alikuwa anatokea mmoja asiye miongoni mwetu, nasi tulimwita Mgeni. Hatukumtaja mpaka wimbo uishe. Wengine walisema ni mzimu, mwalimu wa shule alisema ni hewa inagongana. Haido amesema ni mimi kwa sababu ananipenda. Mimi sisemi kitu. Ila siku ile ile ulipoisikia, nilikuwa dirishani nikiangalia ukungu wa ziwa, nikahisi kifua kinatetemeka kama zamani, nikashika kioo cha dirisha nisianguke.

Nimefikiri. Chukua uso wangu tena. Masharti yangu ni haya. Usinifanye mzuri. Shusha mpaka shingoni, na tundu lionekane. Sitaki watu waambiwe nilikuwa na sauti nzuri, hawajui, wataitikia tu kwa adabu. Ile kanda ya mlango usiitumie. Sikulea mtoto ili nikumbukwe kwa kufunga mlango.

Nitakuja barafu ya barabarani ikiyeyuka. Umeshajifunza kumkuna mtu puani akiwa ndani ya plasta? Maana nitawashwa.

Mama

*

Ano Kerasia, 21 Machi 1999

Mama,

Nashukuru ulifika salama. Tangu uondoke, Haido anasimulia kila nyumba jinsi mlivyokaa mchana kutwa mmeshikana mikono na yeye akiongea kwa niaba ya wote wawili. "Na hakunibishia hata mara moja!" anasema. "Lambrini! Dunia imekwisha."

Nataka uijue kazi ilivyokwenda, hata aibu yake.

Sikukutii. Niliijaribu kanda ya mlango. Niliikata, nikairudia, nikaipunguza kasi mpaka "baridi" ikawa mngurumo, nikaitia kooni mwako. Ilikuwa kitu kibaya sana. Kichwa cha mama kinachoamrisha bila kuchoka. Thoma alikuwepo, akainuka akavaa kofia. "Huyo si mtu," akasema, "huyo ni mtego." Nikaitoa. Nilikaa siku kadhaa bila kugusa udongo, nikifagia tu.

Kisha nikachukua ile kanda niliyokurekodi ukiwa umesinzia karibu na jiko. Pumzi tu, kupitia tunduni. Nikaziba mdomo wa kichwa, nikautoboa udongo shingoni, spika nikaiweka nyuma ya tundu. Kichwa cha kwanza kilipasuka tanurini. Cha pili kikatoka na ufa toka sikioni mpaka kidevuni, nami nikauacha. Nilipowasha, chumba kizima kikawa kinapumua. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji iliyosalia mpaka miguu ikafa ganzi.

Miaka yote nilikuwa nahama, rangi, mbao, ngoma, kanda, watu wakiniuliza wewe ni msanii wa nini hasa. Nami nilidhani sina msimamo. Sasa naona kila mara nilikuwa naondoka pale ambapo kitu kinakuwa kizuri lakini hakipumui.

Onyesho ni Mei. Haido amelazimisha wanawake wa kijiji cha pili waje kuimba wazima, katikati ya vichwa. Msalaba wa masizi ameufuta kwa aproni yake, padri akiangalia.

Areti

*

Yanena, 18 Mei 1999

Areti wangu,

Jana nilipopanda gari la Despina nilikuacha umezungukwa na watu, sikutaka kukukatiza. Nakuandikia niliyotaka kusema.

Nilisimama ukutani nikijitazama. Kikongwe wa udongo mwenye ufa, anapumua. Watu walikuwa wanaongea, kisha wakaacha, mmoja mmoja, maana walijikuta wanapumua pamoja naye. Ndipo Vasilo akaanza. Vasilo wa udongo. Ngozi ikanisisimka toka kisogoni mpaka visigino. Stamatia akageuza, Haido mzima akasokota juu ya Haido wa udongo, na wale wa kijiji cha pili wakaingia.

Nilifungua mdomo. Mazoea tu. Hakikutoka kitu, bila shaka. Lakini chini palikuwa na mtu. Nilitazama wale wanawake watatu waliopewa kushika chini: wote walikuwa wanavuta pumzi kwa wakati mmoja, wajinga wale, niliona mabega yao. Wimbo ulipaswa kuanguka pale. Haukuanguka. Haido alinigeukia na lile jicho lake la zamani, la kusema, "Vizuri, shikilia."

Baadaye nilimwandikia kwenye karatasi, nani alikuwa anaimba? Akaniambia, "Wewe. Nani mwingine?" Akaomba kipande cha pai.

Sielewi unachofanya, lakini nilikuwemo ndani yake, na ilikuwa kweli.

Sasa wosia. Daktari hapendezwi na picha zangu za kifua. Hapana, usije mbio, keti usome. Nikifa, kichwa changu kiache kipumue mpaka siku ya arobaini. Kisha kizime. Na cha Vasilo mpe Thoma, lakini bila kanda. Amechoka yule mzee, na Vasilo amechoka. Wafu nao wana haki ya kunyamaza. Baada ya hapo tengeneza kitu ambacho hakituhusu.

Mama yako anayejivuna,
Lambrini

*

Ano Kerasia, 16 Januari 2000

Bi Despina mpendwa,

Nimesikitika daktari amekukataza safari, lakini amefanya vyema, theluji imefika madirishani. Uliniomba nikueleze kila kitu. Leo ilikuwa arobaini ya mama.

Baada ya kanisani tulikwenda shuleni. Thoma alibeba sahani ya ngano iliyochemshwa ya kuwakumbuka wafu, kwa mikono miwili, hakutaka msaada. Kichwa cha Vasilo anacho nyumbani, dirishani. Anasema sasa hagombani naye tena, wanaangalia tu barabara.

Kwa siku zote arobaini nililala chumba cha pili, mlango wazi, nikimsikia mama akipumua. Nitakuambia kweli, Bi Despina: nilipanga kutomtii. Nilijiambia wiki moja zaidi, itamdhuru nani? Asubuhi ya leo nilikuwa bado sijaamua.

Wanawake walisimama ukutani, makoti mwilini. Nilipiga magoti nyuma ya kichwa, nikasikiliza pumzi moja, nyingine, nyingine. Haido akasema, "Binti." Si kwa ukali. Nikazima.

Sijawahi kusikia chumba kikinyamaza vile. Mtu alianza kulia, nadhani ni mimi. Kisha Haido akanyanyua fimbo akawapanga watu kama askari, wewe hapa, wewe pale, maana maiti haagwi kwa mdomo mkavu, bila wimbo. Akatazama safu, akaona pengo.

"Haya. Chini nani?"

Wote walinitazama. Nikasema, mimi natengeneza vitu, bibi, siimbi, sijawahi.

"Sikukuuliza umewahi kufanya nini."

Nikasimama kwenye pengo. Bega la Haido lilikuwa dogo kama la mtoto, lina joto. Mwanamke mmoja akaanza, mwingine akageuza, Haido akasokota, nami nikafungua mdomo nikatoa kile kilichokuwemo. Kilikwaruza. Kilipotea mara mbili nikakirudia. Kifua kiliniuma nisivyotegemea, nikavuta pumzi mahali pabaya, nikaendelea.

Tulipomaliza nilimtazama Haido anihukumu.

"Mbaya," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Lakini ipo."

Wako,
Areti